Mtoto Anayecheka Ukutani

Saa nne kasoro robo asubuhi Ezron Tweve alibonyeza NAKUBALI, na machela ikapaa kwenda kumchukua Editha. Wakati ule hakuwa na shaka. Shaka ilikuja dakika sita baadaye, tena haikutoka kwa Editha.

Machela ilikuwa na jina refu la serikali, lakini watu walilitupa zamani. Ilikuwa ndege isiyo na rubani, na ndani yake mlikuwa na meza ya upasuaji na mikono miwili ya chuma isiyotetemeka. Ikitua mahali, mama anaingizwa, mlango unajifunga, na baada ya robo saa mtoto yuko nje. Kanda nzima ilikuwa na mbili. Siku hiyo moja ilikuwa karakana, imefunguliwa tumbo.

Tweve alikaa kwenye nyumba ya mawe, chumba kimoja na jiko, juu kwenye uwanda ambako hata viazi vinaota kwa kusitasita. Jirani wa karibu alikuwa mchunga kondoo, mwendo wa saa mbili kwa miguu, naye alikuwa kiziwi. Ukutani palikuwa na skrini tisa, na kwenye kila skrini sura ya mtoto.

Haikuwa picha ya mtoto wa kweli. Mkanda uliofungwa tumboni mwa mama ulisikiliza moyo wa mtoto, na mashine ikauchora moyo ule kuwa sura. Moyo ukienda vizuri, mtoto analala, mashavu yamejaa, pengine anatabasamu. Ukisumbuka, anakunja uso. Ukizidi kusumbuka, damu inamtoka mashavuni, anakuwa wa kijivu kama majivu ya jana. Sura hiyohiyo iliwaka kwenye ukuta wa chumba cha kujifungulia, mama akaiona, mkwe akaiona, hata baba aliyechungulia dirishani akaiona.

Kabla ya hapo ulikuwepo mstari mweusi tu, unapanda na kushuka. Waliojua kuusoma walikuwa wachache, na hao wachache waligombana. Sura ilimaliza ugomvi. Bibi asiyejua herufi hata moja alijua mjukuu wake anaumwa, akapiga kelele mpaka muuguzi akaamka. Tuseme ukweli: ilipokuja, vifo vilipungua nusu. Tweve hakuipenda, lakini kwa sababu hiyo hakuwahi kuitukana.

Sheria ilibakiza mtu mmoja kwa kila kanda, akaitwa shahidi. Machela haikuruka bila kidole chake. Shahidi aliruhusiwa pia kuvua Sura, yaani kuiondoa na kuutazama mstari ulio chini yake, lakini kila alipovua iliandikwa, na makao makuu yakauliza kulikuwa na nini. Mashahidi vijana wa kanda nyingine hawakuvua kamwe. Wangevua waone nini? Mstari hawakuujua.

Tweve aliujua. Kabla ya kazi hii alipanga madaraja ya mbao kwenye kiwanda cha misonobari, anatazama ubao unaopita na kusema la kwanza, la pili, kuni. Siku ile walipotafuta wasomaji, walitafuta macho, si vyeti. Walimpa kila mmoja vipande mia vya mstari na karatasi yenye mifano ya kuchorwa, alinganishe. Daktari mmoja alipata sabini na moja. Tweve alipata tisini na saba. Yule daktari hakumsamehe mpaka alipostaafu.

Na kulikuwa na kanuni moja ambayo wageni hawakuiamini mpaka waelezwe mara mbili: shahidi haambiwi matokeo. Msomaji mmoja wa zamani aliambiwa kuhusu watoto watatu waliokufa, na tangu hapo akaona kifo kwenye kila mstari, akapeleka wanawake kwenye kisu kwa mafungu. Mwingine aliletewa shukrani na kuku, akalegea. Basi wakaamua macho ya shahidi yasiguswe na kitu. Wakamjengea nyumba mbali, na mama akishachukuliwa, skrini yake inazimika. Miaka kumi na moja Tweve alikuwa amesoma mioyo zaidi ya elfu arobaini. Hakuwa ameona mtoto hata mmoja.

*

Simu ya Ikuvila ililia.

"Mzee Tweve, upo? Nilidhani baridi imeshakukausha, tukuletee chumvi tu."

Alikuwa Sista Anyisile, mkunga wa zahanati ya Ikuvila, bondeni. Alikuwa mtu pekee aliyemtania.

"Nipo. Subilaga vipi?"

"Anasukuma. Saa nzima sasa. Kichwa bado kiko juu, lakini mtoto hana neno, mwenyewe unamwona. Nimekupigia tu nisikie kama u hai."

Tweve aliitazama skrini ya nne. Mtoto wa Subilaga alikuwa na mashavu kama maandazi. Mama akaanza kusukuma, sauti yake ikaja kwenye simu, ndefu, ya chini, na ukutani mtoto akafumbua mdomo akacheka. Wanawake mle chumbani wakacheka naye.

"Babu yake mtupu huyu," sauti ya mwanamke mzee ikasema. "Wengine wanalia, yeye meno nje, na meno yenyewe hana."

Tweve akangoja. Subilaga akasukuma tena. Mtoto akacheka tena. Akasukuma mara ya tatu, mtoto akacheka kuliko mara mbili za kwanza.

"Sista," Tweve akasema, "mtoto gani anacheka akibanwa kichwa?"

"Unasemaje?"

"Mama anasukuma, fuvu linabanwa kwenye mfupa. Mtoto akibanwa hivyo moyo unashuka kidogo, halafu unarudi. Wote wanakunja uso kidogo. Huyu anacheka. Kwa nini?"

"Labda ni mkakamavu. Mzee, usinitafutie balaa, nina wakwe wanne humu ndani."

Tweve akaivua Sura.

Mstari ulikuwa mzuri mno. Mia na arobaini, na kila mama alipojikaza unapanda mpaka mia na sitini, kisha unashuka polepole mahali pake. Kiwandani aliwahi kuletewa ubao wa namna hiyo, mweupe, laini, hauna fundo hata moja, na umetoka kwenye msonobari uliojaa matawi. Aliukwaruza kwa kucha. Mafundo yalikuwepo, mtu alikuwa ameyaziba kwa gundi na unga wa mbao.

Mkanda una masikio, lakini hauna akili. Unatafuta moyo wenye mwendo unaofanana na wa mtoto, ukiupata unaung'ang'ania. Mtoto akishuka, au akisogea, au moyo wake ukififia, mkanda unashika moyo ulio karibu. Siku za kawaida moyo wa mtu mzima ni wa taratibu, mashine inautambua na kuutupa. Lakini mama aliyesukuma saa nzima, ana kiu, ana hofu, moyo wake unakimbia mia na arobaini. Unakimbia kama wa mtoto. Na kila akijikaza, unakimbia zaidi.

"Shika mkono wa Subilaga," Tweve akasema. "Mapigo yake. Hesabu kwa sauti."

"Mama hana shida, mzee."

"Sikukuuliza kama ana shida. Weka vidole uhesabu. Mimi natazama huku."

Anyisile akaguna, akaweka vidole. "Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Kwenye mstari kila pigo lilikuwa na alama ndogo. Anyisile alisema tano, alama ikaanguka. Akasema sita, ikaanguka. Alikwenda mpaka thelathini na hakuna hata moja iliyomkosa. Halafu sauti yake ikakoma yenyewe.

"Kuna nini?" yule mwanamke mzee akauliza. "Mbona umeacha? Mtoto si anacheka?"

"Anayecheka ni Subilaga," Tweve akamwambia Anyisile, polepole. "Huo ni moyo wake mwenyewe mnautazama ukutani. Mtafute mtoto."

"Nimtafute na nini? Zile pembe za mti za kusikilizia walizikusanya zote mwaka ilipokuja Sura."

"Una sikio."

Alisikia viatu, kitambaa kikivutwa, Anyisile akiwaambia wanawake wanyamaze, na mmoja akijibu kwamba yeye hakusema kitu. Tweve alikuwa ameshika ukingo wa meza. Huko bondeni mwanamke alikuwa amelaza sikio kwenye tumbo la mwanamke mwenzake, kama walivyofanya watu kabla ya vitu vyote hivi.

"Nimempata," Anyisile akasema. Utani ulikuwa umemtoka. "Yuko mbali, chini kabisa. Themanini na kitu. Subiri. Amejikaza sasa. Sabini. Sitini na nane. Mzee, haurudi haraka."

"Mwambie aache kusukuma. Mlaze ubavu. Ondoa hao wakwe."

"Nahitaji machela."

"Najua," Tweve akasema.

*

Machela ilikuwa angani, dakika saba kutoka kwa Editha. Kuigeuza kwenda Ikuvila ilikuwa dakika kumi na moja. Ikishatua kwa Editha na kufunga mlango, hakuna awezaye kuigeuza mpaka imalize, iwe shahidi, iwe waziri.

Kwenye skrini ya saba mtoto wa Editha alikuwa wa kijivu. Macho yameingia ndani, mdomo umepinda. Ilikuwa sura ya kumfanya mtu yeyote akimbie. Robo saa nyuma Tweve alikuwa ameitazama Sura hiyo na kukubali, kama kijana yeyote, bila kuivua. Jambo hilo halikumpendeza alipolikumbuka.

Akaivua sasa. Mstari ulishuka kila baada ya uchungu, hilo lilikuwa kweli. Lakini katikati ya shimo na shimo ulikuwa unatetemeka vizuri, midundo midogo kama nyuzi za mti ulio hai. Mtoto anayeishiwa kabisa mstari wake unanyooka kama meza. Huyu alikuwa bado anapigana. Tena uchungu wenyewe ulikuja mmoja juu ya mwingine, haumpi nafasi ya kuvuta pumzi.

Akapiga zahanati ya Lusitila, alikolazwa Editha. Aliyeshika simu alikuwa tabibu Festo Ngailo.

"Mzee, tumeiona ramani, inakuja. Asante. Mtoto anatisha hapa."

"Dripu ya uchungu inakwenda matone mangapi?"

"Ya kawaida tu."

"Festo."

"Ya kawaida, mzee."

"Nahesabu uchungu mara sita ndani ya dakika kumi. Mimba ya kwanza, uchungu mara sita. Huo hauji wenyewe. Matone mangapi?"

Festo alishusha sauti. "Arobaini. Alikuwa anachelewa, ndugu zake wananiwakia, wanasema zahanati ya jirani wanamaliza upesi. Nikasema nimsukume kidogo."

"Ifunge. Sasa hivi, mkono wako mwenyewe. Mlaze ubavu wa kushoto, mwekee maji. Mpe mtoto nafasi."

"Nafunga. Lakini machela si inakuja?"

Tweve akakata simu.

Uchungu wa dripu ukizimwa unachukua dakika kumi kutulia, pengine kumi na tano. Machela ilikuwa na dakika nne. Basi angeamua kabla ya kuona. Macho yake yote tisini na saba kwa mia hayakuwa na kazi hapo.

Akiiacha iende, hakuna atakayemwuliza neno. Kila mtu alimwona wa kijivu, kila mtu alimwona anayecheka. Mtoto wa Subilaga akifa watasema Mungu amempenda zaidi, na faili litaonyesha Sura iliyotabasamu mpaka mwisho. Akiigeuza, na mtoto wa Editha akafa, ukoo mzima utakuwa umeona kwa macho yake mtoto anageuka majivu, na ndege ya kumwokoa inageuka angani. Nao watakuwa na haki ya kumchukia mpaka kaburini. Mstari ulimwambia mtoto huyu anaweza kusubiri. Mstari ulikuwa umewahi kumdanganya mara tatu kwa mia, siku ile ya mtihani, na hakujua tangu hapo ni mara ngapi. Hakuna aliyemwambia. Kanuni.

Alitazama chumba chake. Kulikuwa na kigoda kimoja cha ziada ambacho hakijakaliwa na mtu. Wakati huo angempa mtu kondoo mzima aje tu akikalie, asiseme neno, awepo.

Akabonyeza NAKATAA kwa Editha, NAKUBALI kwa Subilaga. Mashine ikamwuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo, na huo ulikuwa uongo.

Haikupita dakika.

"Mzee Tweve." Ilikuwa sauti ya Festo. "Imegeuka. Tumeiona, iko juu ya kilima kile, imegeuka. Kuna hitilafu?"

"Hakuna. Nimeigeuza mimi. Kuna aliye na shida zaidi."

"Zaidi ya huyu? Mzee, huyu ni wa kijivu."

"Dripu umeifunga?"

"Nimeifunga, lakini—"

Simu ilipokonywa. Sauti nyingine ikaja, ya mwanamume, si ya kelele. Ingekuwa ya kelele ingekuwa nafuu.

"Wewe ndiye mzee wa huko juu?"

"Ndiye."

"Mimi ni mume wa Editha. Nakuuliza kitu kimoja. Wewe una watoto?"

"Sina."

"Nilijua," yule mtu akasema, akamrudishia Festo simu.

Tweve akabaki na mstari. Dakika ya tatu tangu dripu ifungwe, shimo lilelile. Dakika ya tano, shimo. Dakika ya saba uchungu ulichelewa kidogo kuja, na yeye akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Mstari ulianza kushuka. Alitaka kuona utashuka kiasi gani.

Skrini zote tisa zikazimika kwa pamoja.

*

Aliyempigia kutoka makao makuu alikuwa Bi Salome Kitosi, msimamizi wa mashahidi. Miaka kumi na moja walikuwa wakizungumza kila mwisho wa mwezi, na hawakuwahi kuonana. Tweve aliamini ni mnene. Hakuwa na sababu yoyote.

"Ndugu Tweve, umesimamishwa. Umevua Sura mbili, umegeuza machela iliyo angani kutoka kwa mgonjwa ambaye Sura yake ni ya kijivu kwenda kwa mgonjwa ambaye Sura yake inacheka. Kanda yako imechukuliwa na kijana wa kanda ya pili."

"Anajua kusoma mstari?"

"Hajui. Unajua kwamba hajui. Baraza litakaa baada ya siku ishirini na sita. Utaitwa."

"Sawa."

"Ndugu Tweve, yote mawili yamekwisha. Ikuvila na Lusitila. Ninayo hapa mezani."

Saa ya jikoni ilikuwa inaonyesha saa nane mchana. Tweve hakujua muda wote huo ulikwenda wapi. Hakuwa amekula, wala hakuwa amewasha moto.

"Naweza kukuambia," Bi Salome akasema. "Sauti hii hairekodiwi, nimeizima. Umetumikia miaka mingi bila kosa. Nadhani unastahili. Lakini nikikuambia, huwezi kusimama barazani. Shahidi anayejua matokeo si shahidi tena, watakutoa nje kabla hujafungua mdomo. Unajua kwa nini."

Alijua. Kama watoto wote wawili walikuwa wazima, wangesema anajisifu. Kama mmoja amekufa, wangesema anajitetea. Mtu asiyejua ndiye pekee anayeweza kusema: niliona hiki, na kwa hiki peke yake nikaamua.

"Na mimi nisiposimama," akauliza, "nani atawaambia habari ya mkono?"

"Mkono upi?"

"Muuguzi ashike mkono wa mama kabla Sura haijawashwa. Ahesabu, alinganishe na mstari. Mama akianza kusukuma, ashike tena. Dakika moja tu. Wanapenda mambo ya mashine, hawatapenda hili, halina hata betri."

"Anyisile anaweza kusema."

"Anyisile hakuuona mstari. Atasema alisikia kwa sikio. Watamwuliza, sikio lako na mashine, tuamini lipi? Watamla mzima."

"Basi hakuna mwingine."

"Zipo zahanati ngapi nchini zenye Sura?"

"Elfu sita na kitu."

Tweve alifikiria zahanati elfu sita, na katika kila moja ukuta, na kwenye ukuta mtoto anacheka. Katika hao, ni wangapi ambao moyo uliochorwa ulikuwa wa mama zao? Miaka kumi na moja yeye mwenyewe aliwaacha wangapi wakicheka? Hilo hakuwa amelifikiria mpaka wakati ule, na alipolifikiria aliketi sakafuni kabisa, mgongo ukutani.

Neno lilikuwa mdomoni mwake. Niambie. Silabi nne. Yule wa kijivu, je, alikata pumzi wakati baba yake ameshika simu? Na yule wa bondeni, machela ilimkuta? Akijua, hata kama ni mabaya, atakuwa na kitu cha kulia. Sasa hivi hakuwa na hata hicho.

"Usiniambie," akasema.

"Una hakika?"

"Sina. Kata simu kabla sijabadilika."

Bi Salome akakata. Hakuaga, na Tweve alimshukuru kwa hilo.

*

Siku zile zilikuwa ndefu. Asubuhi aliamka saa ileile, akakaa mbele ya skrini zilizokufa, kwa kuwa hakujua mtu anakaa wapi pengine. Redio aliifungia kabatini, wasije wakataja. Mchunga kondoo alipita mara moja, akaonyesha kwa mikono kwamba kuna habari huko chini, akatengeneza mikono kama anayebeba kitu. Tweve akamgeuzia mgongo kabla hajamaliza. Yule kiziwi alikasirika, akaondoka na kondoo wake, hakurudi.

Siku ya ishirini na nne, mchana, upepo ukiwa mkali, alikuwa akichota maji alipomwona mtu anapanda. Alikuwa mbali bado, chini ya jabali. Alikuwa mwanamke, anatembea kwa uangalifu, kama mtu mwenye kidonda. Alikuwa amejifunga kitenge begani, na mgongoni mwake kulikuwa na kitu, au kitenge tu kilichojazwa na upepo.

Tweve akaacha ndoo palepale, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Hodi," mwanamke akasema alipofika.

Kwao Tweve, mtu aliye ndani akinyamaza wakati wa hodi ni mchawi au maiti. Alisimama katikati ya chumba, mikono imeshikana.

"Hodi."

"Mama," akasema, "usiingie. Na usiseme jina lako."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mmoja wa wawili. Sitaki kujua yupi." Sauti hakuijua. Wanawake wale wote aliwasikia wakiguna tu. "Nitasimama barazani keshokutwa. Ukiniambia lolote leo, hata ukinionyesha tu, umenifunga mdomo."

"Waliniambia nisije."

"Walikuambia vizuri."

"Nimepakiwa gari la viazi mpaka barabara ilipokwisha. Halafu nimetembea tangu alfajiri. Nina neno lako, baba. Ni neno unalopaswa kulisikia kwa mdomo wangu, si kwa karatasi zao."

"Nitalisikia. Nikishasema langu nitakaa hapohapo kwenye benchi, uje unimwagie."

"Lolote?"

"Lolote."

"Hata likiwa tusi?"

"Hata likiwa tusi."

Alicheka, au alikohoa. Upepo uliichukua sauti ile, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale Tweve aliupenda upepo. Chini ya upepo palikuwa na sauti nyingine, ndogo, inaweza kuwa bati la jikoni. Akaanza kukohoa mwenyewe, kwa nguvu, ili asiisikie.

"Hutaki hata kujua?" mwanamke akauliza. Hakuwa anauliza kwa hasira.

"Nataka kuliko unavyofikiri."

Mwanamke akasema, "Basi maji je? Maji nayo yamekatazwa?"

Tweve akaona aibu. Akajaza kikombe kikubwa cha bati, akaenda kwenye dirisha, akafumba macho yote mawili, akafungua, akatoa mkono nje. Baridi ikamshika usoni, na jua pia, kwa pamoja. Kikombe kikachukuliwa. Alimsikia akinywa, bila kupumzika, kama mtu aliyetembea kweli. Alikuwa umbali wa mkono mmoja. Kwa miaka kumi na moja hakuna mwanamke yeyote kati ya wale elfu arobaini aliyekuwa karibu naye hivyo, na kilichotakiwa ni kufumbua macho tu.

"Umefumba?" akauliza.

"Nimefumba."

"Naona. Umekaza kama mtoto anayepewa dawa." Akamrudishia kikombe mkononi, akamkunjia vidole kimoja kimoja ili kisianguke. Mikono yake ilikuwa ya moto. "Keshokutwa nitakaa mstari wa mbele. Sema vizuri, baba. Nimesikia ni kuhusu kushika mkono."

"Ndiyo."

"Basi sema vizuri."

Hatua zikaanza kuteremka, polepole, kwa uangalifu uleule. Tweve hakuamini masikio yake kujua ameshafika wapi. Alibaki amesimama dirishani, macho yamefumbwa, kikombe mkononi, mpaka jua lilipomtoka usoni likahamia kwenye shavu, kisha kwenye sikio. Hapo alikadiria kwamba atakuwa ameshalipita jabali. Akangoja tena kidogo, kwa kuwa wenye vidonda hawaendi haraka.